Tovuti ni mali kwa nani, na kwa nani ni gharama tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nichangie mjadala unaojirudia katika kurasa za biashara za gazeti lako, kuhusu kama mfanyabiashara mdogo ana sababu ya kutoa fedha zake ili atengenezewe tovuti. Wapo wanaosema kwamba biashara isiyo na tovuti katika zama hizi ni kama haipo, na wapo wanaowajibu kwamba akaunti ya Instagram na namba ya WhatsApp zinamtosha mtu yeyote anayeuza chochote, kuanzia viatu hadi viwanja. Kazi yangu ni kutunza vitabu vya hesabu vya biashara ndogo za Moshi na Arusha, na kila mwisho wa mwaka naikuta gharama hii imeandikwa kwenye daftari, mara nyingi bila mstari hata mmoja unaoeleza kilichopatikana kutokana nayo. Nikiitazama kutoka upande huo wa daftari, naona pande zote mbili zinakosea mahali pamoja: zinaizungumzia sana tovuti na kumsahau mteja. Jambo la kuuliza ni mteja yuko wapi, na anajua nini kukuhusu, kabla hajatoa fedha yake. Akiwa mtaani kwako na anakufahamu kwa sura, tovuti haimwongezei kitu. Akiwa mbali, hakujui, na anatakiwa alipe kabla ya kukiona alichonunua, tovuti inaweza kuwa mali yenye faida kuliko nyingine zote ulizonazo, ukiacha ujuzi wako.

Nianze na kanuni moja ya uhasibu ambayo haisemwi sana nje ya ofisi zetu. Wanaotumia viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha wana mwongozo uitwao SIC-32, uliotolewa mwaka 2002, ambao unahusu gharama za tovuti peke yake. Kwa ufupi unasema kwamba tovuti iliyotengenezwa kwa lengo la kutangaza tu bidhaa au huduma za mwenyewe haiandikwi kama mali, kwa sababu mwenye nayo hana namna ya kuthibitisha kwamba itamletea manufaa ya kiuchumi siku za mbele. Gharama yake ya kutengenezwa huhesabiwa yote kuwa matumizi pale inapotokea. Tovuti ambayo mteja anaweza kuagiza kupitia kwayo, na hivyo kuingiza mapato, ndiyo inayoweza kuhesabiwa kuwa mali, ikitimiza na masharti mengine. Duka la mtaani halitayarishi hesabu zake kwa viwango hivyo, na hakuna anayelitaka lifanye hivyo. Hata hivyo, walioandika mwongozo huo waliliona zaidi ya miaka 20 iliyopita jambo ambalo wauza tovuti wetu bado hawapendi kulisema, kwamba ukurasa wenye picha ya ofisi, salamu za mkurugenzi na maneno ya kujisifu ni tangazo, na tangazo hupimwa kwa kipimo cha tangazo.

Kuna na suala la kodi. Mfanyabiashara wa Tanzania anayelipa kodi ya mapato kwa utaratibu wa makadirio hutozwa kwa kuangalia mauzo yake ya mwaka, si faida yake. Maana yake ni kwamba shilingi aliyoitoa kwa ajili ya tovuti haimpunguzii kodi hata kidogo, tofauti na kampuni inayotengeneza hesabu kamili na kuondoa matumizi yake kabla kodi haijakokotolewa. Nimewahi kumsikia muuzaji wa huduma hizi akimhakikishia mteja wangu kwamba gharama yote ingerudi kupitia kodi. Kwa mtu wa makadirio hairudi, na ni vizuri alijue hilo kabla ya kutia saini.

Bei anayotajiwa mtu siku ya kwanza ni ya kutengeneza tu. Baada ya hapo kuna malipo ya kila mwaka ya jina la tovuti, yaani kikoa, kuna malipo ya nafasi kwenye seva, yaani kompyuta inayoihifadhi tovuti, kuna barua pepe zenye jina la biashara, na kuna gharama ambayo haiandikwi kwenye ankara yoyote, nayo ni muda wa mtu atakayebadilisha bei, kuweka picha mpya na kuwajibu wanaouliza. Jina lenyewe ndilo jepesi kuliko yote. Jina linaloishia na .co.tz hulipiwa makumi ya maelfu ya shilingi kwa mwaka, fedha ambayo wengi huimaliza kwa bando la wiki chache. Upande wa seva na matunzo ndiko bei zinakopanda na kushuka bila sababu ya kueleweka. Nimeona ankara zinazodai fedha nyingi kila mwaka kwa ajili ya cheti cha usalama, kile kinachozuia kivinjari cha Chrome kumwonya mgeni kwamba tovuti si salama, onyo ambalo tangu Julai 2018 limekuwa likitokea kwa kila tovuti isiyo na https. Cheti cha namna hiyo kinachotosha kabisa kwa biashara ndogo hutolewa bure na Let's Encrypt, na kampuni nyingi zinazokodisha nafasi za seva hukiweka bila kuongeza malipo. Anayetozwa ana haki ya kuuliza anatozwa kwa lipi.

Na tovuti ikiwa na fomu ya mteja kujaza jina, namba ya simu au namba ya pasipoti, basi mwenye biashara ameingia katika wajibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume iliyoundwa chini yake inawataka wakusanyaji wa taarifa hizo wajisajili. Sijasikia fundi wa tovuti hata mmoja akimweleza mteja wake jambo hili kabla ya kuchukua malipo ya awali.

Sasa niseme nani, kwa maoni yangu, aache kabisa wazo hili kwa sasa. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Mbauda, mwenye saluni, mama lishe, fundi cherehani, fundi magari wa gereji ya mtaani: wateja wao wanaishi umbali wa kutembea au wa nauli ya bodaboda, wanakuja kwa kuelekezwa na jirani, na wanalipa wakiwa wamekiona wanachokilipia. Anachokihitaji mfanyabiashara wa namna hii ni kupatikana kwenye ramani ya Google, kwa jina sahihi, saa sahihi za kufungua na namba ya simu ambayo haibadiliki kila anapohama mtandao. Kujisajili huko hakulipiwi. Anahitaji pia programu ya WhatsApp Business, iliyoanza kutolewa mwaka 2018, ambayo mwaka uliofuata iliongezewa katalogi ya kupanga bidhaa na bei zake, na anahitaji lipa namba iliyobandikwa ukutani. Hivyo vinatosha. Mtu mwenye mtaji wa milioni tatu anayetumia laki tisa kwa tovuti huku rafu zake ziko nusu tupu amemnyima mteja saruji ili amwonyeshe picha ya saruji.

Hapo kwenye bei nataka kuongeza jambo ambalo linanikera kidogo. Wauzaji wetu wa mitandaoni wana tabia ya kuweka picha nzuri ya bidhaa na chini yake kuandika kwamba bei ni siri ya kuulizwa faraghani. Tabia hiyo hiyo wanaihamishia kwenye tovuti. Nimefungua tovuti za mafundi samani na makampuni ya ukandarasi ambazo zimeandikwa Kiingereza kitupu, ilhali wateja wao wote ni Waswahili wa Dar es Salaam na mikoani, na ndani yake hakuna bei, hakuna hata kiwango cha chini cha bei, hakuna muda wa kukamilisha kazi, hakuna picha ya kazi iliyofanywa na wao wenyewe, isipokuwa picha za watu wa Ulaya waliovaa suti wakipeana mikono. Tovuti ya namna hiyo hata ingepewa bure ingekuwa ghali, kwa sababu mteja akitoka hapo anakuwa na shaka ambayo hakuwa nayo alipoingia.

Upande mwingine wa hoja yangu unahusu utalii, na hapa naomba Mhariri uniruhusu nikae kidogo, kwa kuwa ndiyo biashara ninayoiona kwa karibu na ndiyo inayoonyesha waziwazi lini tovuti inakuwa uwekezaji. Mtu wa Ujerumani au Marekani anayetaka kupanda Kilimanjaro hulipa mara nyingi dola 2,000 na zaidi, na hutakiwa kutuma sehemu ya fedha hiyo miezi kadhaa kabla, kwa kampuni ambayo hajawahi kuiona, katika mji ambao hajawahi kufika, kwa ajili ya mlima ambako afya yake itakuwa mikononi mwa watu hao. Mtu huyo hatafuti kupendezeshwa macho. Anatafuta sababu ya kuamini. Atataka kuona kama kampuni ina leseni ya biashara ya utalii, ofisi yake iko mtaa gani, waongozaji wake ni akina nani, wapagazi wanalipwaje na kama kampuni inashirikiana na mradi wa kuwasaidia wapagazi unaojulikana kama KPAP, ambao wapandaji wengi wa nje wanaufahamu na wanauulizia. Ukurasa wa Instagram wenye picha za kilele cha Uhuru haujibu hata moja kati ya hayo. Na barua pepe inayotoka kwenye anwani ya bure, yenye jina la mtu na tarakimu tatu, ikimwomba mgeni atume dola mia tano, inafanana mno na barua za matapeli ambazo mgeni huyo ameshaonywa nazo tangu shuleni.

Kuna na jambo la maarifa. Mgeni huyo kabla ya kuchagua kampuni hutafuta majibu ya maswali yake: tofauti ya kupanda kwa siku sita na kwa siku saba kwa njia ya Machame, kwa nini njia ya Rongai ina mvua kidogo zaidi, Lemosho inaanzia wapi, mtu alale wapi usiku wa kabla ya kupanda. Majibu ya maswali haya wanayo vijana wa Marangu na Machame waliopanda mlima huo mara nyingi kuliko wanavyoweza kuhesabu, lakini mara nyingi mgeni huyasoma kwenye kurasa zilizoandikwa na mawakala walioko London au Amsterdam, ambao humuuzia safari kisha wakailipa kampuni ya Moshi kilichobaki baada ya wao kuchukua chao. Kampuni ndogo iliyoandika majibu yake yenyewe, kwa lugha safi na kwa ukweli, ikiwa ni pamoja na kusema kwamba watu wengi hawafiki kileleni kwa sababu ya kuharakishwa, ina nafasi ya kupatikana na mgeni huyo moja kwa moja. Si nafasi ya uhakika. Inahitaji uvumilivu wa mwaka mmoja au miwili. Lakini kila safari moja inayopatikana bila wakala huacha Moshi fedha ambayo ingebaki Ulaya.

Kwa wenye nyumba za wageni hesabu ni rahisi zaidi kuifanya. Mitandao mikubwa ya kuwekesha vyumba kama Booking.com hutoza kamisheni ambayo kwa kawaida ni karibu asilimia 15 ya malipo ya mgeni. Tuchukue nyumba yenye vyumba 6, kila kimoja kwa shilingi 80,000 kwa usiku. Namba hizi ni za kuelezea tu, kila mtu aweke za kwake. Kamisheni ya usiku mmoja ni shilingi 12,000. Tovuti ikigharimu shilingi 900,000 kwa mwaka wa kwanza, pamoja na jina, seva na barua pepe, itakuwa imejilipa pale wageni wa usiku 75 watakapokuwa wamekuja moja kwa moja badala ya kupitia kwa wakala. Vyumba 6 kwa mwaka mzima ni usiku 2,190, kwa hiyo usiku 75 ni kama asilimia 3 na nusu. Mwaka wa pili, gharama ikishuka hadi tuseme shilingi 300,000 za matunzo, zinahitajika usiku 25 tu. Nyumba nyingi ninazozijua zina wageni wanaoziona kwanza kwenye mtandao wa wakala, kisha wanatafuta jina lake kwenye Google ili wawasiliane na mwenyewe. Wasipokuta kitu, wanarudi kwa wakala. Hao ndio wanaofidia gharama. Lazima hata hivyo kuondoa makato ya kupokea malipo ya kadi, ambayo si madogo, na kusoma vizuri mkataba na wakala kabla ya kutangaza bei ya chini kuliko iliyoko kwake. Wala simshauri mtu amwache wakala. Wageni wengi wasingeijua nyumba hiyo bila yeye.

Wapo na wengine wanaoingia katika kundi hili, nitawataja kwa haraka: wauzaji wa kahawa iliyokaangwa na wa viungo vya Zanzibar wanaolenga wanunuzi wa nje, wanaotafuta zabuni za kuzipatia hoteli na taasisi samani au vyakula, na mafundi wa ujenzi wanaojengea Watanzania wanaoishi Muscat au Minneapolis, watu ambao wanatuma fedha bila kuuona msingi ukichimbwa. Kinachowaunganisha wote ni umbali na malipo ya kabla.

Wanaotetea mitandao ya kijamii hunijibu kwamba huko ndiko watu waliko, na kwamba ni bure. Nakubali la kwanza. La pili nina mashaka nalo, kwa kuwa mpangaji asiyelipa kodi ya pango ndiye anayehamishwa bila notisi. Januari 2018 Facebook ilitangaza kwamba itatanguliza machapisho ya ndugu na marafiki mbele ya yale ya kurasa za biashara, na watu waliokuwa wametumia miaka kukusanya wafuasi wakajikuta wanalipia matangazo ili wafuasi hao hao wawaone. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika zote kwa pamoja kwa karibu saa sita duniani kote. Jirani zetu wa Uganda walifungiwa Facebook Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, na kufungiwa huko kukadumu kwa miaka. Hapa kwetu mtandao wa X ulizuiwa Mei 2025. Hata masoko ya mtandaoni huondoka: Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, na waliokuwa wakiutegemea mlango huo peke yake wakatafuta mwingine. Na kwa waliodhani Google ni tofauti, Machi 2024 kampuni hiyo ilizima tovuti ndogo za bure ilizokuwa imewapa wafanyabiashara kupitia huduma yake ya ramani. Kwa miezi michache anayezifungua akawa anapelekwa kwenye ukurasa wa ramani, kisha nalo likakoma.

Sitaki kudai kwamba tovuti yako mwenyewe haiguswi na mambo hayo. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, tovuti zilizokaa kwenye seva za nje zilifunguka kwa taabu hapa nchini, na wengine hatukufungua kitu kabisa. Oktoba 2025, intaneti ilipozimwa nchini siku ya uchaguzi na siku zilizofuata, hakuna mwenye biashara aliyeweza kumjibu mgeni. Lakini hata hapo kuna tofauti ambayo watu wa utalii wanaielewa: tovuti iliyoko kwenye seva ya nje iliendelea kusomeka kwa mgeni aliyeko Ujerumani, ikiwa na bei, ratiba na namba za ofisi, wakati mwenyewe akiwa gizani. Anayetegemea kujibu ujumbe mmoja mmoja hakuwa na chochote cha kumwonyesha mtu yeyote.

Yote niliyoyasema kuhusu faida ya tovuti yanasimama juu ya sharti moja ambalo kwa uzoefu wangu ndilo linalovunjwa zaidi, nalo ni kwamba jina la tovuti liwe la mwenye biashara kwa maandishi. Utaratibu uliozoeleka kwetu ni mwenye biashara kumpa fundi fedha taslimu na kumwambia afanye kila kitu. Fundi anasajili jina kwa anwani yake mwenyewe ya barua pepe, anaweka nywila anayoijua yeye, na anakabidhi tovuti inayopendeza. Mmoja wa wateja wangu, mwenye kampuni ndogo ya safari, alifanya hivyo. Fundi akahamia mji mwingine na kubadili namba ya simu. Taarifa za kukumbushia malipo zikawa zinakwenda kwenye anwani ambayo mwenye kampuni hakuwahi kuiona. Jina likaisha muda wake mwezi Mei, wakati ambapo wageni wa Julai na Agosti ndio wanaandika kuulizia nafasi. Barua pepe za kampuni, kwa kuwa zilikuwa chini ya jina hilo hilo, zikakatika nazo. Alinunua jina jingine. Vipeperushi vyake, kadi zake na sifa ambazo wageni waliotangulia walikuwa wameziandika huku na kule zinaelekeza hadi leo kwenye jina la zamani. Katika daftari langu hasara hiyo haina mahali pa kuandikwa, kwa maana hakuna risiti ya mgeni aliyeandika asijibiwe.

Kwa majina ya .com, muda ukiisha mwenye jina kwa kawaida huwa bado ana siku kadhaa, zinazoweza kufika 45 kutegemea msajili, yaani kampuni iliyomsajilia jina hilo, za kulipia kama kawaida. Baada ya hapo kuna siku 30 za kulikomboa kwa malipo ya ziada, halafu jina huachiwa na mtu yeyote anaweza kulichukua. Majina ya .tz yapo chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania na husajiliwa kupitia wasajili walioidhinishwa, jambo ambalo lina faida ya kuwa na mtu wa kumfuata hapa hapa nchini pakitokea mgogoro. Kwa yeyote aliye na tovuti tayari, nashauri wiki hii hii amuulize msajili wake jina liko kwa nani, anwani gani ya barua pepe ndiyo inayopokea taarifa, na linaisha lini. Kisha anwani hiyo ibadilishwe iwe ya kwake binafsi, isiwe ile inayotegemea jina lenyewe, kwa sababu jina likizimika na anwani hiyo inazimika. Fundi mwaminifu hatachukizwa na ombi hilo.

Kwa anayeanza, mimi huwapendekezea wateja wangu wanunue jina na barua pepe kwanza, waweke ukurasa mmoja mwepesi wenye maelezo ya kweli, bei, ramani na namba ya simu, kwa Kiswahili ikiwa wateja ni Waswahili, na picha zilizopunguzwa ukubwa ili zisimmalizie mtu bando kabla hajafika kwenye bei. Halafu, na hili ndilo wengi wanalolipuuza, wafungue safu moja kwenye daftari la mauzo na kumuuliza kila mteja mpya alikujaje: kwa kuelekezwa, kwa Instagram, kwa ramani, kwa wakala, kwa tovuti. Baada ya msimu mmoja kamili safu hiyo itasema kama kuna sababu ya kuongeza fedha au kuacha. Nchini Kenya, Septemba 2011, Google na washirika wake walianzisha mpango wa kuwapa wafanyabiashara wadogo tovuti pamoja na jina la .co.ke, bila malipo kwa mwaka wa kwanza. Kwangu swali la mpango wowote wa namna hiyo ni la mwaka wa pili, pale mwenye duka anapotakiwa kutoa fedha yake mwenyewe mfukoni, na asiye na safu hiyo kwenye daftari hana cha kumsaidia kuamua.

Ombi langu kupitia gazeti lako ni kwa pande mbili. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, na halmashauri zetu, ambazo huendesha mafunzo ya ujasiriamali, ziongeze katika mafunzo hayo somo la nani anamiliki jina la tovuti na namna ya kulihamisha kutoka kwa fundi kwenda kwa mwenye biashara, maana kwa sasa hufundishwa kupiga picha za bidhaa na kuandika machapisho, basi. Na wasajili wa majina ya .tz waanze kumtaka kila anayesajili kwa niaba ya biashara aandike namba ya simu ya mwenye biashara mwenyewe, si ya fundi peke yake, na taarifa ya kukaribia kuisha kwa jina itumwe kwa ujumbe mfupi wa Kiswahili kwenye namba hiyo siku 60 na siku 30 kabla. Benki zinatutumia ujumbe kwa kila makato madogo. Sioni kwa nini hili lishindikane.

Wako,
Mtunza vitabu vya hesabu,
Moshi